Nani Alifagia Uwanja Wako

Mama Shija,

Mwangaluka. Usiitikie. Nimekusalimia kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu hasira zimeniisha.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Lile darasa la nne langu ulilokuwa unalicheka ndilo limenishikisha kalamu leo. Mistari inapanda na kushuka, utajijua. Kabla hajaondoka, Kabula alitaka nimtajie maneno aniandikie kwa simu, nikamkatalia. Nikamwambia haya ni mambo ya wake wenza, mtoto hayamhusu. Ingawa habari yenyewe ni ya kwake.

Ni hivi. Kabula amekwenda. Huyo mjukuu wako uliyekuwa unasema atakuwa nesi, atavaa gauni jeupe na kukupima presha bure, hakuwa nesi. Amekwenda kusomea kazi ya kuchunguza mahali palipotendeka uhalifu. Umesikia vizuri. Pakivunjwa duka, pakiuawa mtu, yeye ndiye atakuwa anafika na glavu mikononi, anainama, anaokota unywele mmoja na kuutia kwenye mfuko. Msichana uliyembeba mgongoni! Hiyo kazi ina jina refu la Kiswahili na refu zaidi la Kizungu, yote mawili yamenitoka. Mimi watu wakiniuliza nasema amekwenda kujifunza kuisoma ardhi.

Na ni kwa sababu yako. Kwa hiyo nyamaza unisikilize, maana ulipokuwa hai hukunisikiliza hata siku moja.

Nilikwambia twende wote Kahama. Au unajifanya umesahau? Nilikuwa nakwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Nikakwambia funga mlango, tukae kwa binti yangu pale Nyasubi, tule wali wa mjini, tusikilize kelele za soko, turudi. Machimbo haya yamefunguliwa juzi tu hapo ng'ambo ya kijito, kila siku zinapita sura tusizozijua, na wewe uko peke yako na mlango wa bati unaofungwa kwa kamba. Ukanijibu nini? "Nani atakamua ng'ombe, dada? Nani atafagia?"

Atafagia! Mwanamke wewe ulikuwa na ugonjwa wa ufagio.

Na mimi ndiye niliyekuambukiza, najua utasema. Ulipoletwa hapa ulikuwa msichana mwembamba, shingo ndefu, unacheka ovyo. Nilikuchukia kama jino bovu. Mzee wetu akakujengea nyumba upande wa pili wa uwanja, mlango wako unautazama wangu, ili kila nikitoka nikuone. Nikaanza kufagia jioni. Nilikuwa nafagia kinyumenyume, kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwangu, mchanga unabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Asubuhi natoka mapema kukagua. Zamu ikiwa yangu, halafu nikute unyayo wa mzee umeelekea kwako, siku hiyo anakula ugali mkavu na hajui kwa nini. Nikajiona mjanja kuliko wanawake wote wa Usukumani. Mpaka asubuhi moja natoka, nakukuta na wewe umeinama katikati ya uwanja, kanga kifuani, unapima unyayo kwa kiganja.

Nikakuuliza, "Umepoteza nini hapo?"

Ukasema bila hata kuinuka, "Ninatafuta hichohicho unachokitafuta, dada."

Tulicheka mpaka mzee akatoka na shuka kuuliza kuna nini. Hatukumwambia mpaka tulipomzika. Tangu siku hiyo nikakosa nguvu za kukuchukia, nikabaki na kukugombeza tu. Hiyo kazi nimeifanya kwa bidii, huwezi kunilaumu.

Sasa nikusimulie siku uliyokufa, maana wewe hukuiona yote.

Simu ilimpata binti yangu mimi nikiwa na bandeji jichoni. Alinificha kwanza, akasema unaumwa. Nikamwambia Mama Shija haumwi hadi mtu apige simu, sema amekufa. Akalia. Nikapanda basi, nikashukia njia panda, nikachukua pikipiki. Njia nzima nilikuwa najiandaa kuona damu. Mungu ananijua, nilikuwa nimeukaza moyo kabisa. Walishaniambia umepigwa kichwani, umeanguka pale mlangoni pako alfajiri, ufagio mkononi.

Nikafika nikakuta uwanja msafi.

Jicho moja nililokuwa nalo lilitazama, halikuamini. Uwanja umefagiwa wote, upande wako na upande wangu, mistari mizuri ya ufagio. Umenyunyiziwa maji vumbi lisiwasumbue wageni. Pale ulipoangukia pamesilibwa samadi mbichi, pananukia vizuri, kana kwamba tunawangoja wakwe. Kanga yako imefuliwa iko kwenye kamba inachuruzika. Wewe mwenyewe umeoshwa, umelazwa ndani, umefungwa kilemba ili jeraha lisionekane. Na watu! Mwano ulikuwa umepigwa tangu asubuhi, na ukisikia kilio kile huulizi, unakimbia. Vijana wa ulinzi walikuja na fimbo kutoka pande zote, wakakimbia huku na huku wakitafuta nyayo za muuaji, huku wakizikanyaga. Walipochoka, akina mama wakachukua mifagio.

Polisi walifika baada yangu. Gari lao lilikuwa na tope hadi vioo vya madirisha. Akashuka msichana mmoja mwenye sanduku, afande mwenyewe anaonekana kama juzi ametoka shule. Akavaa glavu. Akasimama pembeni ya uwanja, akatazama. Akauliza taratibu, "Nani amefagia hapa?"

Jirani yetu Mama Limi akanyoosha mkono kama yuko kanisani. "Tumesaidiana wote, afande!" Kwa majivuno, Mama Shija. Kama mtu anayengoja pongezi.

Afande akauliza, "Na alipokutwa, kulikuwa na kitu chochote karibu yake?"

"Hakuna. Mchi wake tu ulikuwa umelala pale."

"Mchi uko wapi?"

Hapakuwa na haja ya kujibu, sote tulikuwa tunausikia. Nyuma ya nyumba wasichana wawili walikuwa wanautwangia karanga za waombolezaji. Walishauosha.

Yule afande akafunga sanduku lake. Sauti ile ya sanduku kufungwa mpaka leo ninayo masikioni.

Nilimrukia Mama Limi. Nilimwita majina ambayo sitayaandika, maana hata kalamu ina heshima. Akalia, akasema, "Sasa tungefanyaje, bi mkubwa? Tuwaache kuku wadonoe damu ya mwenzetu? Wageni wamkute amelala kwenye uchafu, yeye Mama Shija?" Hilo ndilo linaniuma zaidi. Angekuwa amekufa Mama Limi, wewe ungekuwa wa kwanza kushika ufagio. Ungefagia, ungesiliba, ungefua. Nakujua.

Basi polisi wakachukua maelezo, wakaondoka. Wameita huyu, wameachia yule, mpaka sasa hakuna kitu. Sijui nani alikuua. Wewe unajua. Ungekuwa na adabu ungenijia ndotoni ukanitajia jina. Lakini hapana, ukija unakuja kuniuliza kama ndama amekunywa.

Na kwa kuwa ardhi haikuachwa iseme, midomo ikasema.

Ikasema mimi.

Nani mwingine? Mke mwenza. Alikuwa hayupo? Aah, alikuwa hayupo kwa makusudi, alijiweka mbali, kuna mtu alimtuma. Jicho? Jicho ni kisingizio. Nikifika bombani ndoo zinajaa haraka, kila mtu anakumbuka ameacha chungu jikoni. Mnadani yule muuza dagaa mnene, yule uliyekuwa unamkopa, akaniambia mbele za watu, "Leo bi mkubwa umekuja na jicho jipya? Sasa unaona mpaka ng'ambo ya uwanja, hakuna wa kukuziba." Nikamwambia ninachokiona ni funza kwenye dagaa wake. Watu wakacheka, lakini nilirudi nyumbani bila kununua kitu.

Hao nawasamehe, ni watu wa mnadani. Shija je? Shija mwanao, niliyemnyonyesha titi moja na Masanja wangu titi la pili ulipolala na homa ile ya kujifungua? Alikuja msibani kutoka machimbo ya Geita, akalia, akazika. Halafu akaenda kwa mganga huko anakokwenda akitaka kujua dhahabu iko mwamba gani. Sijui aliambiwa nini. Najua alirudi amefunga mdomo, akapita mbele yangu nimekaa kwenye kigoda, hakusema shikamoo. Mtoto wa titi langu. Alipita kama mtu anayepita kisiki.

Hapo ndipo nilipokukasirikia wewe. Ulinifia vibaya. Ulikufa ukaniachia lawama yako mlangoni, na watu wakafagia kila kitu isipokuwa hiyo.

Sasa Kabula, binti wa huyohuyo Shija.

Kabula siku ya msiba alikuja kutoka Shinyanga, kule Ngokolo kwa shangazi yake anakosomea. Hakulia. Alizunguka nyumba yako polepole, anatazama chini. Watu wakasema mtoto amepigwa na bumbuwazi. Akarudi shule, akafanya mtihani wake wa kidato cha sita, masomo yake yaleyale ya kemia na viumbe, akaja nyumbani kungoja matokeo. Siku moja tumekaa tunabangua karanga, ungo uko mapajani mwangu, akaniuliza kama anayeomba chumvi.

"Bibi Mkubwa, siku ile ulikuwa wapi?"

Ungo ulikwenda chini. Karanga zote chini, kuku wakaja mbio. Mkono wangu ulikuwa juu tayari. Nikamwambia, "Hata wewe? Hata wewe niliyekutoa funza miguuni?"

Hakusogea. Macho yamejaa maji lakini hakusogea. Akasema, "Hata mimi. Nauliza wote, bibi. Nimemuuliza Mama Limi, nimemuuliza mwenyekiti, nimemuuliza baba. Wewe nimekuacha mwisho kwa sababu nakuogopa."

Nikashusha mkono. Nikamweleza yote kwa kumfokea: basi nililopanda, hospitali, nani aliyekuwa kitanda cha jirani, bandeji ilifungwa lini, tulikula nini. Alisikiliza. Hakutikisa kichwa kuonyesha kwamba ananiamini, wala kwamba haniamini. Akauliza tena, "Nani alijua kwamba unaondoka?" Nikamjibu. Akauliza, "Mlango wa Bibi Mdogo ulikuwa unafungwa kwa kamba ya aina gani?" Nikamjibu. Mwisho akasema, "Asante, bibi," akaanza kuokota karanga.

Nilimnunia. Nilimpikia, nikamnyima neno. Nilikuwa nageukia ukuta usiku nalia kwa hasira, nasema huyu naye amechukua upande wa baba yake. Mpaka siku moja niko bombani peke yangu, ndoo za wenzangu zimeshajaa kama kawaida yao, nikasimama pale maji yanamwagika, nikaelewa. Kijiji kizima, na ukoo mzima, na mganga wao, hakuna aliyeniuliza. Hata mmoja. Walishajijibu. Mtu pekee aliyeniuliza nilikuwa wapi, akangoja nijibu, alikuwa mtoto huyo.

Niliporudi nikamwambia, "Haya, sema unalotaka kusema, naona limekukaa kooni." Ndipo akaniambia kuhusu hiyo kazi.

Nilikataa, usidhani nilikubali kirahisi. Nilimuuliza nani ataoa mwanamke anayeinamia maiti za watu. Nilimuuliza kama damu za wageni zitaacha kumfuata nyumbani. Nikamwambia bibi yake alitaka nesi. Akasema, "Bibi Mdogo alitaka nisaidie watu." Nikamwambia maiti hasaidiwi. Akacheka kicheko chako kilekile cha ovyo. "Bibi, si wewe na Bibi Mdogo mlikuwa mnaifanya kazi hii hapahapa uwanjani? Tofauti ni kwamba ninyi mshukiwa wenu alikuwa babu."

Nani alimsimulia? Ni wewe. Mdomo wako ulikuwa haufungiki.

Nikamwambia nipeleke kwa yule mwenye sanduku nimwone kwa macho yangu mawili. Tukaenda Shinyanga. Afande akatupokea, kiti akanipa, akasema, "Shikamoo, mama." Nikamwambia, "Marahaba ya nini? Mlichelewa."

Akasema, "Tulichelewa, mama. Gari lilikwama, lakini tulichelewa."

Basi. Hakujitetea zaidi. Nikazidi kukasirika, maana nilikuwa nimekuja na maneno mengi na yote yakakosa pa kutua. Nikasema marahaba.

Alimweleza Kabula ukweli, hilo nampa. Hakumpamba. Alimwambia ataanza kwa kufunzwa uaskari kama wengine wote, kukimbia na kuimba kwenye jua, na huko si wote wanaopelekwa kwenye uchunguzi. Alimwambia ataitwa wakati anakula. Atanuka, na harufu nyingine sabuni haiziwezi. Atasimama mahakamani wakili anamhoji kana kwamba yeye ndiye aliyeua. "Na mara nyingi," akasema, akanitazama, kisha akatazama mikono yake, "utafika ukute wameshafagia."

Kabula akasema, "Najua."

Akatuonyesha vitu vyake. Utepe wa kuzungushia mahali watu wasipite. Vibao vidogo vyenye namba. Mifuko ya karatasi, maana nguo yenye damu ukiitia kwenye nailoni inaoza. Kisha akaleta unga mweupe, akaukoroga na maji, nikamwambia mnapika uji hapa ofisini? Akacheka, akasema, "Mama, tuazime mguu." Kulikuwa na karai la mchanga. Nikavua kandambili, nikakanyaga, naona haya kwa sababu ya nyufa za kisigino. Wakamwaga ule uji kwenye unyayo wangu. Tukangoja. Ulipokauka Kabula akaunyanyua kwa mikono miwili.

Mama Shija, niliuona mguu wangu. Umekuwa jiwe. Kisigino kilichopasuka, kidole kile kilichopinda nilipoangukiwa na jembe la ng'ombe, wewe ukakifunga kwa kitambaa ukinitukana kwamba nalia kama mtoto. Kila kitu kiko pale. Kabula akaushika akasema, "Bibi, ungepita pale siku ile, ningekujua."

Nikasema, "Na nisingepita?"

Akasema, "Ningejua hukupita."

Nililia mle ofisini kama mjinga. Kumbe kutopita kwangu nako kulikuwepo pale uwanjani, kumeandikwa mchangani, na mtu alikuwa na uwezo wa kumwonyesha Shija na dunia nzima. Wakafagia. Walinifagia mimi pamoja na muuaji wako. Yule afande akanipa karatasi laini ya kujifutia pua, nikamgombeza kwamba ni nyembamba.

Matokeo yakatoka, Kabula akafaulu, akaomba, akaitwa. Ng'ombe wako yule mwenye pembe iliyolala tumemuuza kwa ajili ya nauli na vifaa. Piga kelele utakavyo, ameshakwenda. Kikabaki kikao cha ukoo, maana baba yake alikuwa amesema hapana.

Shija alikuja na pikipiki kutoka machimboni, buti za mpira miguuni, vumbi mpaka kwenye kope. Akakaa mbali na mimi. Akawaambia wazee, "Mwanangu hatashika maiti. Mwanamke wa kushika maiti ni mkosi. Atasomea kitu kingine au ataolewa." Wazee wakatikisa vichwa, wanatazama chungu cha nyama.

Nilisimama. Unajua nikisimama kwenye kikao watu wanashika vikombe vyao.

Nikamwambia, "Shija. Mama yako ameuawa. Hukumuuliza jirani, hukumuuliza askari, hukuniuliza mimi. Ulikwenda kumuuliza mtu anayetazama tumbo la kuku, naye hajawahi kulikanyaga vumbi la uwanja huu. Mwanao ameniuliza. Ameniuliza usoni, mkono wangu ukiwa hewani wa kumpiga, akasubiri jibu. Wewe mwanamume, mchimbaji, unayeshuka shimoni kwenye giza kwa kamba, umeogopa kuniuliza mimi bibi kizee swali moja. Niulize sasa. Niko hapa. Wote wanasikia. Niulize nilikuwa wapi."

Shija akatazama chini, akachimba mchanga kwa ncha ya buti. Nikangoja. Nilikuwa tayari kungoja mpaka mvua zije.

Hakuniuliza. Akasema, na sauti yake ilitoka kama anapandishwa kutoka chini kwenye duara, lile shimo lao la dhahabu, "Shikamoo, mama mkubwa."

Sikumjibu. Ningemjibuje? Ameninyima salamu tangu kaburi lako bado bichi. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Akavua zile buti, akazigonga tope likadondoka, akampelekea Kabula. "Huko kwenye mafunzo kutakuwa na matope," akasema. "Ni kubwa, utavaa soksi mbili." Alikuwa na kandambili kwenye begi.

Unajua mjukuu wako alifanya nini? Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, asante baba. Halafu kabla hajaziweka chini akazigeuza, akatazama soli.

Shija akamwona. "Unanichunguza na mimi?"

"Wote, baba," akasema.

Nikadhani atampiga. Akamtazama mtoto wake muda mrefu, akanitazama mimi, akatazama pale mlangoni kwako. Kisha akasema, "Vizuri. Uangalie sawasawa." Akapanda pikipiki yake. Alipokuwa ameshafika barabarani, vumbi limemmeza, ndipo nilipoitikia, "Marahaba, mwanangu." Kama alisikia sijui. Atakuja tena, nitamwitikia karibu. Sijamsamehe, lakini nitamwitikia.

Bado wapo wasioniamini. Yule wa dagaa bado ana mdomo. Lakini nikwambie jingine. Juzi duka la pale njia panda limevunjwa. Watu wakakimbia kama kawaida, wanataka kuingia kuona kilichoibwa. Wakamkuta Mama Limi amesimama mlangoni, miguu ameitanua, ufagio ameushika kama bunduki. "Hapiti mtu! Wala kuku hapiti!" Mwenye duka anamwambia hilo ni duka langu, yeye anamjibu hata wewe. Alisimama hapo jua likamchoma mpaka polisi walipofika. Nilipopita akaniita, "Bi mkubwa, umeniona?" Nikamwambia nimekuona. Sikuongeza neno. Asivimbe kichwa.

Mimi sasa nikuage, jicho limeanza kuwasha.

Kabula hakuniahidi kwamba atampata aliyekuua. Nilimtaka aniahidi, akakataa. Akasema, "Bibi, siahidi nisichokijua." Nikamtukana, halafu nikaona amesema sawa. Kwa hiyo ninayeahidi ni mimi, na yangu nayajua. Nitaendelea kukaa hapa hapa, mlango wangu unatazama wako. Sihami kwa maneno ya watu. Jioni nafagia pande zote mbili, kinyumenyume, kama zamani, na asubuhi natoka kuangalia nani amepita. Akirudi yule mtu, maana watu wa namna hiyo hurudi, atakuwa amekanyaga kwangu.

Na nimewatangazia wote, bombani, kanisani, mpaka kwenye kikundi cha mazishi. Mimi nikifa, nikikutwa vyovyote vile, kitandani au mlangoni, hakuna kushika ufagio. Asifue mtu. Asisilibe mtu. Wageni waje waukute uwanja mchafu, waseme bi mkubwa kumbe alikuwa mchafu, waseme. Mpaka Kabula afike na sanduku lake, ainame, atazame, amalize. Yeye ndiye atakayefagia.

Wewe huko uliko, nakujua, umeshashika ufagio. Uache, mdogo wangu. Nimekukataza. Acha nyayo zako hivyohivyo, nikija nizifuate.

Mimi bi mkubwa wako,
Mama Masanja